Tupeane uzoefu: Benjamin Franklin mwanadiplomasia ulimfahamu vipi?

Wakuu, salaam. Nilipokuwa najiandaa na mtihani wa uraia hapa Marekani, kwenye yale maswali 100 nilikuta linalouliza Franklin ni maarufu kwa lipi. Nilimjua tu kama yule aliyerusha kishada kuchunguza radi. Kumbe jibu mojawapo ni "mwanadiplomasia". Nikaanza kumsoma, na hadi leo sijamwacha. Alifika Ufaransa Desemba 1776, mzee wa miaka 70, ametumwa na Marekani, nchi isiyo na pesa iliyokuwa inapigania uhuru kutoka Uingereza. Tarehe 6 Februari 1778 yeye na wenzake wawili wakatia saini mkataba wa ushirika na mfalme wa Ufaransa. Wenzangu mlimjulia wapi?

#2
Mimi ni mwalimu. Miaka yote nilifundisha kwamba ushindi wa Wamarekani dhidi ya Waingereza kule Saratoga, Oktoba 1777, ndio ulioivuta Ufaransa upande wa Marekani. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Sasa yule mzee alikuwa anafanya nini huko mwaka mzima?" Nikakwama. Jioni nikafungua vitabu upya. Alikuwa anajenga mazoea: kofia ya manyoya badala ya wigi, sura yake mpaka kwenye visanduku vya ugoro. Waziri wa mambo ya nje, Vergennes, alikuwa bado na kidonda cha kushindwa na Waingereza mwaka 1763, na Franklin alilijua hilo. Habari za Saratoga zilipofika, akakubali kuonana na mjumbe wa Uingereza, Wafaransa wapate hofu kwamba Marekani itapatana na Uingereza. Somo hilo sasa nalifundisha kwa vipindi viwili.

#3
Niko Paris. Sanamu yake ipo Trocadéro, ameketi, na mtaa wa pale una jina lake. Kila nikitoka kazini napita hapo.

#4
Mimi ni mkalimani. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha wafadhili kilichovunjika kwa sababu hakuna aliyetaka kutamka samahani. Ndiyo maana barua ya Franklin kwa Vergennes naipenda mno. Novemba 1782 Wamarekani walikubaliana na Uingereza masharti ya awali ya amani bila kuwashirikisha Wafaransa. Vergennes akawaka. Mzee akakiri kwamba wamekosa adabu, akamkumbusha kuwa Waingereza wanajisifu wameshawagombanisha. Wajumbe wenzake, John Adams na John Jay, ndio hasa waliosukuma Wafaransa wawekwe kando, lakini aliyeomba radhi ni yeye. Na mkopo mpya wa livre (pesa ya Ufaransa ya wakati huo) milioni 6 ukatoka.