Kinyago changu kinapiga ngoma bila kuguswa, msaada wadau

mpingo_sauti: Wadau habarini, nipo Mtwara natengeneza kinyago cha Kimakonde, mtu akikigusa kinamjibu kwa ngoma. Nimebandika shaba kichwani, mabegani na tumboni, waya zinaenda kwenye ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta inayosoma mguso), nyuma kuna savo 4 za SG90, yaani vimota vidogo, kila moja imeshika kijiti juu ya kangoma. Asubuhi safi, namba inayosomwa na bodi inakaa 60 na ukigusa shaba inashuka mpaka 20, nimeweka chini ya 40 ndo mguso. Jioni upepo wa bahari ukiingia kinaanza kujipigia chenyewe watoto wa jirani wanatoka mbio 😂 shida nini?

fundi_chikongola: Mkuu una shida mbili zimeshikana. Ile sensa inapima chaji, mkono wako ukikaribia shaba inabeba chaji zaidi, sasa unyevu wenye chumvi ukitanda juu ya mti nao unafanya hivohivo taratibu mpaka unaikaribia 40 yako. Achana na namba ya kudumu, programu ichukue wastani wa sekunde chache zilizopita, mguso uhesabiwe pale tu namba inaposhuka ghafla, na mtu akiwa bado ameshika wastani usimame la sivyo kitauzoea mkono. Ya pili, savo zinakula umeme wa bodi? Zikivuta volti inayumba, namba inayumba, bodi inadhani imeguswa inapiga tena. Chomoa savo uangalie namba tupu.

dada_mikindani: Mi sio wa umeme ila jamani, kugusa halafu pa! hiyo si kengele ya mlangoni? Mtu akishika muda mrefu mwendo ubadilike, akigusa mabega mawili ngoma ziitikiane kama kwenye sindimba. Na shaba juu ya mpingo hapana, unaharibu kazi ya mchongaji.

fundi_chikongola: @dada_mikindani inawezekana, achimbe kwa nyuma mti ubaki milimita chache aweke bamba pana humo ndani, inasoma ila kwa udhaifu kidogo.

mpingo_sauti: Nimechomoa savo, namba zimetulia kimya!! Kuchimba ntamwachia mzee aliyekichonga, mi siugusi mpingo wa watu na patasi. Savo 4 adapta ya ampia ngapi?

fundi_chikongola: 5V ampia 3, na graundi yake (waya hasi) uiunge na ya bodi usisahau.