Bibi mwenye macho mekundu ataua mpaka lini kwenye riwaya zetu?

Msomaji wa Ipagala (mwanzisha mada)

Wadau, naenda kwenye hoja moja kwa moja ili atakayenipinga ajue anapinga nini. Riwaya za kutisha za Kiswahili zinazotoka siku hizi, hasa hizi tunazouziwa kwa vipande kwenye WhatsApp, zimemchosha bibi kizee. Mimba ikiharibika, bibi. Mume akichelewa kurudi, bibi. Mtunzi akifika sehemu ya kumi na hajui hadithi inaelekea wapi, mlango wa kibanda unafunguliwa na ndani kakaa bibi mwenye macho mekundu na kibuyu. Nasema aachwe. Tusikilizane mapema: sisemi kitabu chochote kipigwe marufuku. Nasema watunzi wamwache, na sisi tunaotoa buku buku zetu tuache kumlipia.

Nasoma sana hadithi za kutia hofu, za hapa na za nje. Majuzi kwenye treni ya umeme kutoka Dar nilikuwa na The Housemaid ya Freida McFadden, ya mwaka 2022. Mwanamke katoka jela, hana pa kulala, anapata kazi za ndani kwenye nyumba ya matajiri. Anaonyeshwa chumba chake, huko juu darini. Kitanda kipo, dirisha dogo lipo, na mlango upo, ila kufuli la mlango linafungwa kutokea nje tu. Basi. Hakuna jini, hakuna tone la damu, ndio kwanza kitabu kinaanza, nami nilipita mahandaki ya Kilosa bila kujua. Nani humu hajawahi kuona chumba cha dada wa kazi, kile cha nyuma karibu na tenki? Hofu ya namna hiyo tunayo hapa Dodoma, Area D, hatujaiandika tu.

Au chukueni My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite, Mnigeria, 2018. Mdogo mtu anaua wapenzi wake, dada mtu ni muuguzi, anaitwa usiku aje na jiki na glavu asafishe. Lagos hiyo! Wenzetu hao kwa filamu za uchawi hawana mpinzani, lakini mwandishi huyu hakumhitaji mchawi hata mmoja, na nywele zilinisimama.

Hiyo ni sababu ya ufundi. Ya pili mnaijua. Kanda yetu hii na kule juu, Tabora, Shinyanga, wazee wameuawa kweli kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyoanza 1928, inasema kumtaja mwenzako kuwa mchawi ni kosa. Mwaka 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Halafu mtunzi anakaa na simu yake anapiga ramli ileile, kila Jumatatu na Alhamisi, kwa malipo.

Karibuni.

Mwana Kondoa

Mkuu, umeandika vizuri ila umetuletea Lagos na Marekani kuja kutufundisha kuogopa. Mimi nimezaliwa karibu na Kolo. Ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, watalii wanaiona picha. Sisi kuna mwamba pale watu wanaenda kufanya matambiko mpaka leo. Mtoto wa Kirangi haogopi kufuli la darini, nyumba yetu haina dari. Anaogopa njia ya kisimani magharibi ikiingia.

Ukimwondoa mchawi, jini na mzimu kwenye hadithi zetu, umebakiza nini? Polisi na daktari. Hiyo siyo riwaya ya kutisha, hiyo ni taarifa ya habari.

Mama wa Nkuhungu

Wanangu, mimi siyo msomaji wa kihivyo, nasoma anachonirushia binti yangu. Lakini hapo kwenye macho mekundu naomba niseme.

Mama yangu mdogo ametokea upande wa Nzega, yuko kwangu tangu mwaka juzi. Kapikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yake yote, macho yake ni kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Mjukuu wa jirani alikufa kwa homa, maneno yakaanza, wanae wakampandisha basi usiku. Ng'ombe waliachwa, nyumba iliachwa. Hospitali walituambia ni muwasho wa moshi wa miaka mingi, akapewa dawa ya matone.

Sasa siku moja binti yangu alikuwa anasikiliza hadithi kwenye simu, ile ya kusomwa kwa sauti. Msimulizi anasema "yule bibi akainua uso, macho mekundu kama kaa la moto". Mama mdogo alikuwa pembeni anachambua mchicha. Hakusema kitu. Aliinuka akaingia ndani na mchicha wake.

Sitaki hadithi zifungwe. Nawaambia tu kuna wanaosikiliza.

Kijana wa Udom

Pole sana mama, na shikamoo.

Naongeza kitu kwa wanaodhani mtunzi akijizuia mwenyewe ni udhaifu. Stephen King aliwahi kuandika Rage, ilitoka 1977 kwa jina la Richard Bachman, mwanafunzi anaingia darasani na bunduki. Baadaye matukio ya kweli mashuleni yakafuatana, na baada ya lile la Kentucky mwaka 1997 King mwenyewe akawaambia wachapishaji wasikichape tena. Hakuna mahakama iliyomlazimisha. Na wala hakuacha kutisha watu, aliacha kitabu kimoja.

Mwana Kondoa

Kijana, kimoja! Huyu wa Ipagala anataka tuache ukoo mzima.

Simulizi za Chako ni Chako

Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema, na jina hili ndilo ninalouzia, kwa hiyo sijifichi.

Mnaongea kama vile mtunzi anakaa anawaza "leo nimuonee bibi gani". Ngoja niwaambie kazi inavyokwenda. Sehemu tano za mwanzo bure, mnasambaziana. Kuanzia ya sita unalipia. Kila sehemu ni ya kusoma dakika tano hivi, na mwisho wake lazima mtu ashike kichwa, la sivyo kesho halipi. McFadden wenu anauza kitabu kizima, msomaji ameshatoa hela, anaweza kukaa kurasa hamsini anakuonyesha mapazia. Mimi nikitumia sehemu moja tu kuonyesha mapazia, kundi linapungua usiku huohuo, naliona kwa macho.

Uchawi unanipa kitu ambacho polisi hanipi: hauna mwisho. Mtu kafa, anarudi. Mlango umefungwa, anapita ukutani. Nikikwama sihitaji kurudi nyuma kurekebisha sehemu ya tatu ambayo watu walishaisoma. Mwandishi wa kitabu akigundua kosa anafuta. Mimi nilichotuma kimetumwa.

Na nilijaribu kutoka humo. Niliandika hadithi ya kiwanja, hapahapa Dodoma, baada ya serikali kuhamia na kila mtu kutaka ardhi. Kiwanja kimoja, hati mbili, wanunuzi wawili hawajuani. Mmoja anaweka msingi mchana, mwingine anakuja na kijana wa kubomoa usiku. Kijana anakutwa kwenye msingi, zege limeshakauka. Niliipenda ile hadithi kuliko zote. Sehemu ya nane meseji zikaanza: "mtunzi, mbona hii ya kawaida?" "Hakuna mambo yetu?" Ya kumi na moja nikamleta bibi wa kiwanja cha jirani. Walirudi wote, na ndugu zao.

Kwa hiyo msininyooshee kidole mimi. Nyoosheeni meseji zenu.

Msomaji wa Ipagala

Mtunzi, nashukuru umejitokeza. Ile ya kiwanja niliisoma, na niliachia palepale alipoingia bibi. Mimi pia ni mteja wako uliyempoteza, ila mimi sikukutumia meseji. Wanaoondoka kimya wewe hujawahesabu.

Mzee wa Kikuyu

Vijana, mnabishana kama vile jambo hili limeanza na simu.

Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Maiti imekutwa kwenye mzimu, yaani pale pa matambiko. Watu wote wananong'ona ya kunong'ona. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza nani alikuwa wapi, nani anamdai nani. Riwaya yetu ya upelelezi ilianzia hapo, kwenye mzimu wenyewe, na ikamkuta binadamu. Kwa hiyo Mwana Kondoa, usiseme hayo ni ya Wazungu. Ni ya Unguja.

Halafu Elvis Musiba na Willy Gamba wake, tangu Kufa na Kupona mwaka 1974. Halafu Ben Mtobwa na Joram Kiango. Tulikuwa tunapokezana nakala moja bweni zima mpaka jalada linaachia, na hapakuwa na kibuyu. Adui alikuwa Kaburu na vibaraka wake. Mtunzi anasema wasomaji hawataki. Wasomaji walewale, baba zao walitaka.

Mnajua Kongwa ilikuwa nini? Kwanza Waingereza wakaja na mradi wa karanga, 1947, matrekta kwenye udongo mgumu kama sakafu, 1951 wameshafunga virago. Kisha kuanzia 1964 kambi za wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, wote pale, na majasusi lazima walikuwa wananusa. Zaidi kidogo ya kilomita themanini kutoka hapa. Ninyi mnaandika bibi.

Simulizi za Chako ni Chako

Mzee shikamoo. Hiyo ya Kongwa naichukua.

Mnyaturu wa mjini

Nimechelewa, nilikuwa njiani kutoka Singida, na naona hamjagusa kisa kikubwa kuliko vyote vya kanda hii. Watu-simba.

Miaka ya 1940 kwetu watu walikuwa wanakutwa wameraruliwa. Simba, ikasemwa, na simba kweli walikuwepo, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuamini. Serikali ya mkoloni ikachunguza, ikakuta watu waliovaa ngozi za simba. Kesi zikaenda, wengine wakanyongwa. Tulivyosimuliwa na wazee, simba-mtu alikuwa ana mwenyewe, na mwenye kinyongo na jirani yake angeweza kwenda kumkodi.

Hebu fikirini riwaya hiyo. Hapo ndipo ninapopishana na wote wawili. Wa Ipagala anataka uchawi utoke, lakini ukiutoa kisa hiki kinakufa: muuaji alijificha ndani ya imani ya watu. Mwana Kondoa anataka uchawi uwe jibu, lakini ukiwa jibu, mwenye kumkodi anaponea. Mtunzi mwerevu ataacha kijiji kiamini, nami msomaji niamini nacho mpaka kati ya kitabu, halafu nione kucha za chuma.

Mwana Kondoa

Ndugu yangu umesema vizuri mpaka uliponiharibia mwishoni. Kwani kila mzimu lazima afunguliwe jalada polisi? Kuna hadithi nataka ziishe nikiwa sijui. Mkinimulikia tochi kila kona mwishoni, usiku nalala fofofo. Nimelipa nisilale.

Na bibi akiondoka, mchawi awe kijana mwenye suti. Hapo nakubali. Mchawi abaki, umri ubadilike.

Jirani wa Mirembe

Naomba nimguse mwanzisha mada, maana anasifu ya nje kama hayana doa. Wao nao wana bibi yao. Mgonjwa wa akili. Fungua tano kati ya hizo zinazouzwa sana, humo kuna aliyewahi kulazwa, na mtunzi anataka umshuku kuanzia ukurasa wa kwanza. The Silent Patient ya Alex Michaelides, 2019: mchoraji kampiga mumewe risasi tano, kisha hasemi neno tena, kafungiwa hospitali ya magonjwa ya akili. Nakaa karibu na Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili. Nawaona wanaokuja kliniki na ndugu zao, wanasubiri dawa kama mgonjwa wa presha anavyosubiri. Nchi nzima inatumia jina la mtaa wetu kutukania watu. Ukimtetea bibi, mtetee na huyu.

Msomaji wa Ipagala

Jirani, hiyo imenifikia kwa sehemu. Kwa jumla uko sahihi, wamemtumia mgonjwa kwa uvivu uleule. Ila kwa kitabu hicho ulichokitaja, kama ulikimaliza unajua ni nani hasa wa kuogopwa mle ndani, na siyo yule aliyenyamaza. Sisemi zaidi, kuna ambao hawajasoma. Ndicho ninachokiomba kwa bibi: mtunzi atumie ule ushukivu wetu dhidi yetu. Tumshuku bibi kurasa mia, halafu tujue nani alikuwa anamtaka tumshuku, na shamba lake liliandikishwa jina la nani.

Mama wa Nkuhungu

Hiyo mwanangu ndiyo ilivyo. Nyumba ya mama mdogo sasa hivi anakaa mtu.

Kijana wa Udom

Mtunzi, umeiona hiyo? Kiwanja chako na bibi huyu ni hadithi moja. Mrudishe palepale sehemu ya kumi na moja, badilisha kitu kimoja tu: yeye ndiye aliyeona gari lililoleta zege usiku.

Simulizi za Chako ni Chako

Nimeiona. Na imeniuma kidogo kwamba sikuiona mwenyewe.

Naanza upya tangu sehemu ya kwanza, hiyo ya kiwanja. Tano bure kama kawaida. Kuanzia ya sita nataka humu wajitokeze watu ishirini wa kulipa hata kama hakuna anayepita ukutani. Andikeni majina hapa chini, siyo kusema "nakazia" halafu mnasubiri mtu awatumie ya bure.

Msomaji wa Ipagala

Niandike wa kwanza.

Mzee wa Kikuyu

Nami. Lakini nichapie kwenye karatasi, macho haya ya simu siyawezi.

Mwana Kondoa

Mimi nitalipa sehemu ya sita na ya saba. Ya nane nikikuta hati miliki bado zinajadiliwa, natuma meseji.