Nimeletewa hojaji ya mradi wa maghorofa karibu na stesheni ya Syokimau. Nitie sahihi?

MamaKatani:
Habari za jioni wenzangu. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi, maana kijana atarudi kuchukua karatasi yake.

Naishi Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, dakika 10 kwa miguu kutoka stesheni. Tulinunua ploti hapa kwa sababu ya treni, mwaka mmoja tu baada ya stesheni kufunguliwa Novemba 2012. Sasa shamba tupu tunalopakana nalo limeuzwa. Yanakuja majengo 4 ya ghorofa 14, nyumba 480, na chini yake maduka, supamaketi na kliniki. Hojaji yenyewe ni ya tathmini ya athari kwa mazingira, kurasa 2. Swali la kwanza: je, unaunga mkono maendeleo katika eneo lako? Maji yamepewa mistari miwili. Majitaka hayakutajwa kabisa. Nilipoomba kuiona ripoti, nikaambiwa bado haijawa tayari, nitie sahihi kwanza.

Sipingi nyumba kujengwa. Ninachoogopa ni maji. Mtaa wetu unaishi kwa visima, bomba la majitaka halijatufikia, na kisima tunachotumia familia 12 kilikaribia kukauka Februari. Nikisaini nitakuwa nimekubali? Nikikataa, watasema niliitwa nikagoma?

FundiWaVisima:
Mama, umeshika penyewe. Huko kwenu ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kujifunga, maji hayapiti. Shimo la kufyonza majitaka linalofanya kazi vizuri kwenye udongo mwekundu wa Kiambu, kwenu hufurika msimu wa kwanza wa masika.

Sasa piga hesabu nami. Nyumba 480, weka watu 3 kila moja, ni watu 1,440. Kila mmoja akitoa lita 80 tu za majitaka kwa siku, ni lita 115,200. Lori la kunyonya la lita 10,000 litahitaji safari 12 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwenye barabara hiyo hiyo ya watoto wa shule. Hapo bado hujahesabu supamaketi na kliniki. Kwa hiyo ulizeni: je, watajenga mtambo wa kusafisha majitaka ndani ya eneo lao? Una uwezo gani? Umeme ukipotea unaendeshwa na nini? Maji yakishasafishwa yanaelekezwa wapi? Mtambo wa namna hiyo huharibika kwa kukosa mtu wa kuutunza, kwa hiyo jina la atakayeusimamia miaka 10 ijayo liandikwe kwenye ripoti.

Kuhusu kisima chao: dai jaribio la kupampu kwa saa 24, na wakati huo kina cha maji kipimwe kwenye visima vya majirani, chenu kikiwemo. Kibali cha kuchimba hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na huko pia mnaweza kupeleka barua.

AbiriaWaTreni:
Samahani dada, lakini mimi ni mpangaji, na ninapanda matatu mbili kila asubuhi. Nyumba zikikosa kujengwa karibu na stesheni zitajengwa wapi? Kila mradi ukipingwa na wenye ploti, sisi tutazidi kusukumwa mbali na kazi zetu.

MamaKatani:
Ndugu yangu, nakusikia, na dada yangu mdogo yuko katika hali kama yako. Nataka uhamie hapa ukute maji kwenye mfereji.

AbiriaWaTreni:
Basi ongeza jambo moja kwenye maoni yako. Treni ni ya asubuhi na jioni. Anayetoka kazini saa nne usiku atarudi kwa gari au bodaboda. Waambie wajenge njia ya miguu yenye taa kutoka lango lao hadi stesheni, kabla watu hawajahamia. Bila hiyo, huo ukaribu wa stesheni utabaki kwenye brosha, na kila nyumba itakuja na gari.

MwanaLamu:
Mama, hojaji si kura. Usiikatae, na usiiache na nafasi wazi. Piga mstari kila palipo patupu, andika "maoni yangu yameambatishwa", ambatisha ukurasa wako, kisha piga picha kila karatasi kabla hujairudisha.

Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo, atangaze gazetini na redioni, na afanye mikutano ya hadhara isiyopungua 3. Ripoti kamili ikifika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, tangazo hutolewa, nanyi mna siku 30 za kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Huo ndio wakati wa kuisoma ukurasa kwa ukurasa. Leseni ikitoka na hamkuridhika, mna siku 60 za kwenda Jopo la Kitaifa la Mazingira. Na Kifungu cha 70 cha Katiba hakikulazimishi usubiri kisima kikauke ndipo uende mahakamani.

Huku kwetu Lamu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulishapewa leseni. Mikutano ilifanyika, lakini ilifanyika kabla ya ripoti, watu hawakuwa na cha kujibu. Juni 2019 Jopo likaifuta leseni hiyo. Kwa hiyo, ile kauli ya "tia sahihi kwanza, ripoti baadaye" iandike pamoja na tarehe.

Mpangaji_Miji:
Mpo karibu na uwanja wa ndege. Ulizeni pia kama Mamlaka ya Usafiri wa Ndege imeidhinisha urefu wa ghorofa 14.

MamaKatani:
Asanteni sana. Nimeongea na familia zote 12, na tunakutana kesho saa kumi kwangu. Mwalimu jirani atatuandikia ukurasa mmoja: majitaka, jaribio la kisima, njia ya miguu. FundiWaVisima, kina cha maji tunaweza kukipima wenyewe kwa kamba kuanzia leo, ili tuwe na rekodi yetu kabla hawajachimba?

FundiWaVisima:
Ndiyo, mama. Kamba yenye alama kila mita, uzito mwishoni, alfajiri kabla pampu haijawashwa. Kila Jumatatu, daftarini, mashahidi wawili watie sahihi. Anza kesho.