Tenki la lita 5,000 litaongeza presha ya shawa?

tenkijuu: Wakuu, tenki ni la lita 1,000, kitako chake kiko mita 3 kutoka ardhini. Kichwa cha shawa kiko mita 2. Likijaa, shawa inatoka kiasi. Likifika robo, maji yanachuruzika tu na hita ya shawa haiwaki kabisa. Jikoni yanatoka vizuri. Fundi wa kwanza anasema niweke la lita 5,000, uzito wa maji utasukuma. Wa pili anasema niweke bomba jembamba presha ipande. Nimsikilize nani?

Mizania: Wote wamekosea, mkuu. Presha ya maji yaliyotulia inafuata kimo kutoka uso wa maji hadi tundu yanapotokea. Wingi wa maji hauhusiki. Ndoo na bwawa vyenye kina kimoja vina presha ileile chini. Kila mita 1 inakupa kilopaskali 9.8, karibu bar 0.1 (vyote ni vipimo vya presha).

Sasa piga hesabu. Tenki likikaribia kuisha, 3 kutoa 2 ni mita 1, yaani bar 0.1. Likijaa, tuseme kina cha maji ndani ni mita 1.2, unapata bar 0.22. Kwa hiyo shawa inapoteza zaidi ya nusu ya presha yake maji yanaposhuka. Koki ya jikoni ikiwa mita 1 kutoka ardhini haishuki chini ya bar 0.2, ndiyo maana huko hulalamiki. Hita nayo ina kiwambo cha mpira ambacho lazima kisukumwe na maji ndipo kiwashe swichi. Haijafa, haisukumwi.

Tenki la 5,000 ni refu zaidi, kwa hiyo utaongeza kimo kiasi likijaa, likiisha unarudi palepale. Na tani 5 juu ya stendi iliyojengwa kubeba tani 1, hapo utajibiwa na fizikia nyingine.

koki_nusu: Mbona ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole maji yanaruka mbali? Si presha imepanda?

Mizania: Nyuma ya kidole imepanda, ila haivuki ile ya kimo. Maji yakitembea bombani, msuguano unakula presha njiani. Ukiziba, yanatembea machache, msuguano unapungua, na presha iliyokuwa ikiliwa inafika kidoleni. Lakini jaza ndoo kwa saa mkononi uone inavyochelewa. Bomba jembamba njia nzima ni kinyume chake, presha inaliwa kabla haijafika.

Spana18: Kwenye mabomba kuna mtego. PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto) ya 20, ambayo mafundi wanaiita nusu inchi, ni milimita 20 kwa nje. Ya PN20, yaani daraja la presha lililoandikwa kwenye bomba, ina ukuta wa 3.4, ndani inabaki 13.2 tu. Ya 32 ina 21.2 ndani. Kwa mtiririko uleule, ya 20 inakula presha takriban mara 10 ya ile ya 32. Shusha na 32 kutoka tenkini hadi ukuta wa bafu, 20 iwe kipande cha mwisho.

Ila pima kwanza. Ng'oa kichwa cha shawa, chomeka mpira unaopitisha mwanga, upitishe dirishani na uunyanyue kando ya tenki. Maji yakipanda haraka hadi usawa wa maji ya tenkini, njia ni safi. Yakifika pale kwa kusuasua, kuna uchafu au geti valvu (koki ya kufungia bomba) haijafunguka yote. Yakigoma chini ya usawa huo, hewa imekwama mahali bomba lilipopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Weka pumzi, yaani kibomba cha kutolea hewa, hapo juu. Hicho kichwa nacho, kama maji ni ya kisima, kiloweke kwenye siki usiku mzima, matundu huziba kwa chokaa.

Pampu ya kuongeza presha ikibidi, ifunge kwenye bomba linalotoka tenkini. Usithubutu kuifunga kwenye bomba la mamlaka ya maji: ikivuta, maji machafu yanaingia kupitia nyufa.

tenkijuu: Nikiinua stendi hadi mita 5?

Mizania: Shawani utapata bar 0.3 hadi 0.42. Soma kibandiko cha hita. Kama presha ya chini inayohitaji iko chini ya bar 0.3 na mabomba ni mapana, itawaka mpaka tenki likauke.