Texas iliomba kujiunga na Marekani 1836, mbona ikapokelewa 1845?

Mdadisi: Wakuu, Texas ilijitangazia uhuru kutoka Meksiko tarehe 2 Machi 1836, na Septemba mwaka huohuo wapiga kura wake wakataka kwa wingi mkubwa kuingia Marekani. Nini kiliwakalisha miaka 9? Halafu Seneti iliyokataa 1844 ilikubalije mwaka uliofuata?

Kitabu Wazi: Utumwa kwanza. Katiba ya Texas ya 1836 ililikataza bunge lake kuwaacha huru watumwa, hivyo kuipokea kungevuruga mizani ya Seneti kati ya majimbo ya watumwa na yale huru. Pili, Meksiko. Santa Anna, rais na jemadari wa Meksiko, alisaini mikataba ya Velasco ya kumaliza vita Mei 1836 akiwa mateka, baada ya kushindwa kwenye mapigano ya San Jacinto, na serikali yake ikaikana. Aliyeichukua Texas alichukua na ugomvi wake. Rais Jackson wa Marekani aliitambua jamhuri hiyo ya Texas Machi 1837 akiwa mlangoni anatoka; mrithi wake Van Buren akalikataa ombi la kuungana mwaka huohuo.

Mwanasheria Mstaafu: Ya 1844 ni hesabu tupu. Mkataba na nchi ya kigeni unahitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Mkataba wa Rais Tyler wa kuipokea Texas ulipata kura 16 za ndiyo, 35 za hapana. Polk, mgombea urais aliyeinadi Texas kwenye kampeni, aliposhinda Novemba, Tyler akaacha njia ya mkataba na kupitia azimio la pamoja la Kongresi. Hoja ni kwamba Katiba inaipa Kongresi mamlaka ya kupokea majimbo mapya, na hapo wingi wa kawaida unatosha. Baraza la Wawakilishi 120 kwa 98, Seneti 27 kwa 25. Kura hizo 27 zisingepitisha mkataba wowote! Wapinzani walilalamika kwamba Katiba imezungukwa, na kusema kweli hoja yao haikuwa nyepesi.

Tyler alisaini 1 Machi 1845. Texas nayo ikakataa pendekezo la Meksiko la kuitambua kwa sharti isijiunge na nchi nyingine. Mkutano wa wajumbe wa Texas mjini Austin ukakubali 4 Julai, wananchi wakapiga kura Oktoba, Polk, sasa rais, akasaini 29 Desemba. Rais wa Texas, Anson Jones, alikabidhi madaraka 19 Februari 1846.

Mdadisi: Shukrani mkuu. Ni kweli walijiwekea haki ya kujitoa?

Mwanasheria Mstaafu: Hapana, hiyo ni porojo. Azimio liliruhusu kukata hadi majimbo mengine 4 ndani ya eneo lake, kwa ridhaa ya Texas yenyewe. Kujitoa hakumo, na Mahakama Kuu ilifunga mjadala katika kesi ya Texas dhidi ya White, 1869.

Kitabu Wazi: Niongeze: Texas ilibaki na ardhi yake ya umma pamoja na madeni yake. Mpaka ndio haukuamuliwa, uliachiwa Marekani ikaumalize na jirani. Texas ilidai mpaka ni mto Rio Grande, Meksiko ikasema hata mto Nueces ni mpaka wa jimbo lililoasi, si wa nchi. Polk akapeleka jeshi kati ya mito hiyo miwili, na Aprili 1846 risasi zikalia.