Fensi ya umeme kuzuia dubu kwenye mizinga: jouli ngapi, nyaya ngapi, na ethi kwenye mchanga mkavu?

Mfuga_Nyuki77

Habari wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua fensi za umeme, hasa za kuzuia dubu.

Eneo ni la mizinga 20 pembezoni mwa msitu, mstatili wa mita 12 kwa 16. Dubu weusi wapo muda wote, dubu kahawia hupita. Umeme wa gridi haufiki. Udongo ni mchanga na kokoto, na kiangazi unakauka kabisa. Kwa sasa pamezungushiwa seng'enge ya miiba nyuzi tatu. Kuna mashine ya fensi ya jouli 0.1 (nishati ya kila pigo la umeme) ambayo boksi lake linasema inatosha kilomita 5. Mzunguko wangu ni mita 56 tu, kwa hiyo nikaona inatosha na kubaki.

Je, naweza kuiunga kwenye hiyo seng'enge iliyopo? Kama hapana, nahitaji nyaya ngapi, kimo gani, na ethi (fimbo za ardhini zinazourudisha umeme kwenye mashine) niiweke vipi kwenye udongo kama huu?

FundiFensi

Mkuu, hizo kilomita za kwenye boksi achana nazo. Zimepimwa kwa waya mmoja safi ambao haujaguswa na jani hata moja. Angalia volti na jouli. Volti ndiyo inayopenya manyoya, jouli ndiyo inayofanya shoti iume. Dubu ana manyoya mazito na ngozi nene, na akisimama kwenye mchanga mkavu umeme unakosa njia ya kurudi. Ukiwa na volti 3,000 anaweza kusukuma waya kwa bega akapita bila hata kushtuka. Lenga 6,000 au zaidi, na uzipime sehemu iliyo mbali kabisa na mashine.

Jouli 0.1 haitoshi kwa dubu. Tafuta mashine inayotoa jouli 1 au zaidi, na soma maandishi kwa makini: kuna jouli zinazohifadhiwa ndani na jouli zinazotoka, na zinazotoka huwa pungufu. Hakikisha imetengenezwa kwa kiwango cha IEC 60335-2-76, yaani kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine za fensi. Kiwango hicho kinaweka kikomo cha jouli 5 kwa pigo moja na kinataka mapigo yasizidi moja kwa sekunde. Ule mwanya kati ya pigo na pigo ndio unaompa mtu au mnyama nafasi ya kujitoa.

Ndiyo maana seng'enge ya miiba haiungwi umeme, hata siku moja. Aliyenasa kwenye miiba hajitoi, naye anaendelea kupigwa kila sekunde. Iondoe yote. Ukiiacha jirani na nyaya za umeme, siku italegea, itagusana nazo, na fensi nzima itakufa.

Kwa udongo wako, nyaya tano:

Wa kwanza sentimita 20 kutoka ardhini, wa pili 40, wa tatu 60, wa nne 80, wa tano 110. Wa kwanza, wa tatu na wa tano ni wa umeme. Wa pili na wa nne unaungwa kwenye ethi. Dubu akipenyeza kichwa katikati anagusa wa umeme na wa ethi kwa pamoja, na mzunguko unakamilika mwilini mwake bila kutegemea mchanga. Ardhi ingekuwa na unyevu mwaka mzima ningekwambia nyaya zote ziwe na umeme, maana ardhi yenyewe ingefanya kazi ya ethi.

Usipandishe waya wa chini zaidi ya sentimita 20. Dubu akikuta mwanya hapo hujaribu kuchimba au kujipenyeza kwa tumbo, na manyoya ya mgongoni yanamkinga.

Waya tumia chuma kilichopakwa zinki, milimita 2.5, uukaze vizuri. Mita 56 mara tano ni 280, kwa hiyo nunua 320 upate ya kufunga na kuunganisha. Nguzo kila mita 3 ni kama 19, nne za pembeni ziwe nene, zichimbiwe na kutegemezwa. Weka insuleta (vishikizi visivyopitisha umeme) hata kwenye nyaya za ethi. Msimu wa mvua ukifika unazihamishia upande wa umeme kwa kubadili kiunganishi kimoja tu.

Asali_Kwanza

Niongeze kidogo kwenye alichosema Fundi.

Kati ya waya na mzinga wa karibu acha angalau mita 1.5. Mkono wa dubu ni mrefu, na mzinga ukianguka usije ukalalia nyaya. Halafu angalia miti. Dubu mweusi anapanda kama paka. Tawi linaloning'inia juu ya fensi ni mlango, likate. Mti ulio nje lakini karibu na waya, kama huwezi kuukata, sogeza fensi.

La muhimu kuliko yote: washa fensi kabla hajala. Dubu akishavunja mzinga mmoja akapata asali na majana (watoto wa nyuki, ndiyo anayoyafuata zaidi, yana protini na mafuta), atavumilia maumivu ambayo dubu mgeni asingeyavumilia. Fensi inamzuia vizuri yule ambaye hajui kilichomo ndani.

Na wengi huning'iniza chambo kwenye waya: kipande cha karatasi ya alumini kilichopakwa siagi ya karanga, kila mita chache, ili dubu aguse kwa pua au ulimi. Pale hapana manyoya, na pana unyevu. Akipigwa hapo mara moja harudii.

FundiFensi

Hapo kwenye chambo sikubaliani sana, Asali_Kwanza. Kinafanya kazi, ni kweli, lakini kinaita dubu ambaye pengine angepita zake. Betri ikiisha usiku huo, umemwekea chakula na kumfungulia mlango. Kwangu mimi chambo ni pale tu unapojua dubu tayari anazunguka hapo, fensi imepimwa na ina zaidi ya 6,000, na unapaka kidogo sana. Pia sehemu nyingi sheria inakataza kulisha dubu, kwa hiyo aulize kwanza mamlaka ya wanyamapori ya eneo lake.

Asali_Kwanza

Hilo nakubali, hasa la betri. Ila nyaya nyembamba za chuma dubu hazioni vizuri usiku, anaingia kwa kifua, na kifuani kuna manyoya. Basi kama hataki chambo, waya wa tatu na wa tano autumie utepe mweupe wa umeme, ule wa milimita 12 wenye nyuzi za chuma ndani. Atauona, aunuse kabla hajausukuma.

FundiFensi

Naam, utepe ni sawa. Asinunue tu ule wa nyuzi chache, ukinzani wake ni mkubwa.

Jua_na_Betri

Upande wa umeme: usitumie betri ya gari. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiishusha sana mara kwa mara inakufa. Tafuta betri ya sola, ile inayovumilia kushushwa na kujazwa.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mashine inakula miliampea 150 (soma karatasi yake). Kwa saa 24 ni ampea-saa 3.6. Betri ya ampea-saa 70 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 35 za kutumia, yaani siku tisa bila jua kabisa. Ukitaka paneli: 3.6 mara volti 12 ni kama wati-saa 43 kwa siku. Katika mwezi mbaya wenye saa tatu za jua zuri, ukitoa theluthi inayopotea njiani, unahitaji takriban wati 21. Weka ya 30 au 40 pamoja na kidhibiti chaji, maana vumbi na kivuli cha majani vitapunguza nguvu yake.

Betri, mashine na paneli vyote viwe ndani ya fensi. Dubu hutafuna kitu chochote kigeni anachokikuta. Na betri ya risasi iliyoishiwa chaji huganda na kupasuka kwenye baridi kali, kwa hiyo usiiache tupu.

Mfuga_Nyuki77

Asanteni sana wakuu. Seng'enge imeondolewa, nyaya tano zimesimama kama alivyosema Fundi, mashine inatoa jouli 1.2. Fimbo za ethi ni tatu za mita 1.8, mita 3 kati ya moja na nyingine. Kipimo kwenye mashine ni volti 7,900, mwisho wa fensi 7,400. Ila nikiegemeza vyuma kwenye waya ili kupima ethi, fimbo ya mwisho inasoma volti 900. Hiyo ni sawa?

FundiFensi

Si sawa. Hizo 7,400 ni nzuri lakini zinapimwa bila mzigo, yaani hakuna kinachogusa waya, hazikwambii dubu atapigwaje. Kipimo cha ethi kifanye hivi: kwenye sehemu iliyo mbali na fimbo, egemeza vyuma kutoka waya wa umeme hadi ardhini mpaka volti za fensi zishuke chini ya 2,000. Kwenye mchanga mkavu chuma kimoja hakitoshi, ongeza hadi vinne au vitano. Kisha pima kati ya fimbo ya mwisho ya ethi na kijiti cha chuma kilichochomekwa mita moja pembeni. Ikizidi 300, ethi ni mbovu. Wewe una 900, maana yake umeme unakwama kurudi na unatafuta njia kwenye fimbo zako.

Fanya haya kwa mpangilio. Kwanza kagua viunganishi. Waya wa shaba ukifungwa kwenye fimbo ya chuma, kiungo kinaliwa na kutu, tumia chuma kwa chuma, kwa klampu na si kwa kuviringisha. Na kama fimbo ni nondo za ujenzi, zing'oe: kutu inazuia umeme. Pili, ongeza fimbo, na uzipeleke kwenye unyevu, hata kama ni mita 30 kutoka kwenye mashine, bondeni au karibu na mfereji. Ukikosa kabisa, chimba shimo pana, zungushia fimbo udongo wa bentonaiti uliolowanishwa. Huo hushika maji muda mrefu.

Tatu, na kwa mchanga wako hili ndilo litakalokuokoa: laza wavu wa kuku uliopakwa zinki nje ya fensi, upana wa mita moja, kuzunguka pote. Utahitaji kama mita 60 kwa sababu ya kona. Ubane chini kwa vigingi vya chuma na uuunge kwenye ethi kila upande. Dubu akija kunusa waya atakuwa amesimama juu ya wavu kwa miguu yote minne, na pia hawezi kuchimba. Usisahau mbele ya geti, ndipo anapofuata njia ya binadamu.

Jua_na_Betri

Kwenye geti: pitisha kebo chini ya ardhi kuunganisha pande mbili, ili ukifungua geti sehemu nyingine ya fensi isizimike. Iwe kebo ya fensi iliyotengenezwa kwa volti 10,000 au zaidi. Kebo ya nyumbani ganda lake ni la volti mia kadhaa, itavuja ardhini na hutaona chochote. Vishikio vya geti vifunge ili umeme utoke upande wa ndoano, ukifungua viwe vimekufa mkononi.

Na weka alama za onyo kila upande.

Asali_Kwanza

Volti zikishuka ghafla na huoni kosa, chukua redio ndogo ya AM, iweke mahali pasipo na stesheni, utembee kando ya nyaya. Utasikia mlio wa "tak, tak" ukiongezeka unapokaribia panapovuja. Mara nyingi ni insuleta iliyopasuka au jani bichi lililolalia waya wa chini. Kwa hiyo fyeka chini ya fensi, hasa kukiwa na umande.

Iwake saa 24, kuanzia kabla dubu hawajatoka mapangoni hadi wameingia tena. Miezi ya mwisho kabla ya baridi ndiyo mibaya zaidi, dubu mweusi anaweza kula hadi kilokalori 20,000 kwa siku akijinenepesha. Na theluji ikianza kufunika waya wa chini, ukate kwa swichi yake peke yake, la sivyo utavuta volti za nyaya zote za juu.