Prosesa ya kuchezea gemu bila kadi ya grafiki: nina milioni moja na laki moja, nipo Moshi

Mleta uzi (Majengo, Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela, maana nimeidunduliza tangu mwaka jana kwenye kibanda changu cha kutuma na kutoa pesa, na ikipotea sina nyingine. Skrini na kibodi ninavyo. Nataka kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu mimi na mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne: GTA V, eFootball na Counter-Strike 2. Mchana nitaitumia kutengeneza vipeperushi vya wateja. Kadi ya grafiki, ile ya kutengeneza picha za gemu, kwa sasa siimudu, kwa hiyo nataka prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye grafiki humo humo ndani.

Nimetajiwa tatu: Ryzen 3 3200G iliyotumika, Ryzen 5 5600G mpya, na Core i3-12100 mpya. Halafu kuna fundi hapa Double Road anasema niachane na zote, nichukue kompyuta ya ofisi iliyotumika yenye Core i5-6500 kwa laki tatu na nusu, hela nyingine nibaki nayo. Nichukue ipi?

Mdau wa Njiro

Mkuu, 5600G. Usizunguke.

Utaambiwa 3200G ina grafiki za Vega 8 na 5600G za Vega 7, kwa hiyo ile ya zamani ina grafiki kubwa. Namba hiyo isikuchanganye. Vega 8 ya 3200G inakwenda megahezi 1250, Vega 7 ya 5600G inafika 1900. Na zaidi ya hapo, 3200G ni ya 2019, ina kori (vitengo vya kufanyia kazi) 4 na nyuzi (kazi inazoendesha kwa wakati mmoja) 4 tu, wakati 5600G ina kori 6 na nyuzi 12. Kwa Counter-Strike 2 utaiona tofauti siku ya kwanza. Hiyo i3-12100 kwa vipeperushi ni nzuri kabisa, ila grafiki zake, UHD 730, ni za kuonyeshea picha kwenye skrini. Kwa gemu utaishia kupunguza kila kitu.

Dada wa Rau

Naongezea jambo moja kwa sababu lilinikuta. Angalia hiyo herufi G kwa macho yako mwenyewe. Mimi niliagiza 5600G, dukani wakanipa Ryzen 5 5600 tupu, wakaniambia ni ile ile. Siyo ile ile! Isiyo na G haina grafiki kabisa. Tumefunga kila kitu, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nimekaa wiki nzima nadhani mazabodi, ile bodi kuu, imekufa, na kurudisha walinikatalia. Kwa Intel, yaani hizo Core, ni kinyume chake: ukiona F mwishoni, mfano 12400F, ujue haina grafiki. Iliniuma sana ile hela, sitaki ikukute.

Kijana wa Ngarenaro

Mimi napingana na wenzangu. Huyo fundi wa Double Road hajakosea sana. Chukua hiyo i5-6500, hela inayobaki tafuta kadi ya grafiki ya GTX 1650 iliyotumika, ile fupi inayoingia kwenye kasha la ofisi. Inakula wati 75 tu, inachukua umeme kwenye mazabodi yenyewe, pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme) hubadilishi. Kwenye gemu itaiacha 5600G mbali.

Fundi wa Sakina

Kwa gemu peke yake kijana wa Ngarenaro yupo sahihi, kadi hiyo ina nguvu kuliko Vega 7. Lakini i5-6500 ni ya 2015. Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tangu Oktoba 2025. Mtu anayeshughulika na kazi za wateja simshauri aanzie hapo. Na kadi iliyotumika usiyoijua ilikotoka ni bahati nasibu.

Sasa mleta uzi, nisikilize kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, maana watu wengi wanapata prosesa nzuri halafu wanaiua hapo. Grafiki za ndani hazina kumbukumbu yake. Zinachota kwenye RAM ya kompyuta. RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 ikiwa kijiti kimoja inapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vikiwa viwili, kila kimoja kwenye njia yake, inakuwa 51.2. Ni kama mfereji wa shamba: ukifungua mlango mmoja, maji yapo lakini migomba ya mwisho haiyaoni. Chukua viwili vya gigabaiti 8. Usikubali 8 peke yake, kwa sababu grafiki zikishachukua gigabaiti 2 zao, Windows na gemu vinagombania zilizobaki.

Mazabodi chukua ya aina ya A520 au B550. B550 ukiipata kwa bei karibu na A520, ichukue, siku ukipata kadi huko mbele utashukuru.

Mleta uzi

Fundi, nashukuru sana. Hapa duka moja wana kijiti kimoja cha 16, wanasema nitaongeza cha pili baadaye. Na vipi kuhusu Ryzen 5 8600G? Kuna mtu kaniambia ndiyo ya kisasa.

Fundi wa Sakina

Hiyo "baadaye" huwa haifiki, ndugu yangu. Viwili vya 8, leo. 8600G ya 2024 ni nzuri kweli, Radeon 760M yake inaipita Vega 7 mbali, lakini inataka mazabodi yenye soketi mpya ya AM5 na RAM ya aina mpya, DDR5. Bajeti yako inaishia njiani.

Ukifika dukani hakikisha prosesa ipo kwenye sanduku lake na feni yake ndani. Wakishafunga, waombe wawashe mbele yako, fungua ile sehemu ya Windows inayoonyesha kasi ya RAM. Ikisoma 2400 au 2666 badala ya 3200, waingie BIOS (mipangilio ya mazabodi) wawashe XMP, inayoiwezesha RAM kwenda kwa kasi yake kamili. Ni dakika mbili, wasikwambie ukafanye nyumbani.

Mleta uzi

Sawa mkuu. Jumamosi napanda basi la asubuhi kuja huko kwenu Arusha kununua, na mdogo wangu nakuja naye. GTA tumeshaiweka kwenye diski ya nje, tutaijaribu hapo hapo dukani kabla sijalipa.